Vinyweshea vya Boya kwa Ndama na Maksai: Tathmini Baada ya Miezi 9 ya Matumizi Chanika

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni bakuli la kunyweshea mifugo linalofungwa kwenye nguzo ya banda, linalounganishwa na tangi kwa bomba la nusu inchi, na linalojijaza lenyewe kadiri mnyama anavyokunywa. Mwezi Februari nilinunua mabakuli manne katika duka moja la pembejeo za mifugo Kariakoo. Matatu ni ya plastiki ngumu yenye boya, ambayo niliyapata kwa Sh 42,000 kila moja, na la nne ni la chuma kizito lisilo na boya, bali lina ulimi ambao mnyama huusukuma kwa pua ili maji yatoke. Hilo nililipia Sh 70,000. Nimeyatumia kwa miezi 9 katika banda langu lililoko Chanika, Dar es Salaam, kwa ndama watano walioachishwa kunyonya na maksai wanne ninaowanenepesha.

Sikuyatafuta ili kupunguza kazi ya kubeba ndoo, ingawa kazi hiyo imepungua. Niliyatafuta kwa sababu Desemba iliyotangulia nilipoteza maksai wa miezi 7 kwa mawe ya mkojo. Jumamosi jioni kijana anayehudumia banda aliniambia kwamba yule mnyama haji kwenye hori, anainua mkia na kujikamua kama anayetaka kunya lakini hatoi kitu, na mara kwa mara anajipiga tumboni kwa mguu wa nyuma. Tulidhani amefunga choo, tukamnywesha mafuta ya kula, usiku ukapita. Jumapili asubuhi alionekana ametulia, nasi tukashukuru. Sikujua kwamba utulivu ule ulikuwa dalili mbaya kuliko zote, kwa kuwa kibofu kinapopasuka maumivu ya kubanwa hupungua kwa muda huku mkojo ukimwagikia tumboni. Kufikia Jumatatu tumbo lilikuwa limetanuka chini pande zote mbili, na daktari wa mifugo alipofika alimpapasa, akavuta maji kidogo ya tumboni kwa sindano, kisha akaniuliza swali moja: “Mama, hawa wanakunywa maji kiasi gani kwa siku?”

Nilimjibu kwamba wanakunywa asubuhi na jioni, ndoo ya lita 20 kwa wanyama wawili. Nilijibu bila wasiwasi, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyozoea huku kwetu, ambako siku ambazo bomba halitoi maji tunanunua ya boza na kila ndoo ina hesabu yake. Maksai alikufa kabla ya jua kuzama. Daktari alipompasua alinionyesha vijiwe vitatu vya rangi ya kijivu, kikubwa kikiwa kama punje ya mtama, vimekwama mahali pamoja kwenye mrija wa mkojo. Vidogo namna ile viliua mnyama wa kilo zaidi ya 140.

Inafaa mnunuzi wa kinyweshea aelewe jinsi vijiwe hivyo vinavyofanya kazi yake, kwa sababu bila kuelewa hilo atanunua bakuli na kuendelea kupoteza wanyama. Mrija wa mkojo wa ng'ombe dume ni mrefu na mwembamba, na kabla ya kufika kwenye ncha ya uume hujikunja kwa umbo la herufi S. Ni kwenye mkunjo huo, hasa sehemu yake ya mbele, ndipo mawe hukwama mara nyingi. Jike naye hupata vijiwe, lakini mrija wake ni mfupi na mpana, hivyo huvitoa pamoja na mkojo bila mwenye mfugo kujua lolote. Dume aliyehasiwa mapema yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa homoni za kiume ndizo zinazoukuza mrija huo kufikia upana wake, na zikiondolewa ndama angali mchanga mrija hubaki mwembamba huku mwili ukiendelea kukua. Yule wangu alihasiwa kwa kufungwa mpira akiwa na umri wa wiki tatu. Wenye mifugo wenzangu husifu kuhasi mapema kwa sababu kidonda ni kidogo na ndama hasumbuki, na wana haki katika hilo, lakini kwa anayekusudia kunenepesha maksai kwa pumba, kusubiri miezi kadhaa kabla ya kuhasi ni jambo la kuzungumza na daktari wake kwa uzito.

Upande wa pili ni chakula. Maksai wengi wa Dar es Salaam hawali majani ya kutosha. Wanakula pumba za mahindi, pumba za ngano, machicha ya kiwanda cha bia na mashudu, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopatikana mjini. Pumba za ngano zina fosforasi karibu mara 10 ya kalsiamu, ilhali mnyama anahitaji kinyume chake, yaani kalsiamu iwe takriban mara 2 ya fosforasi. Kwa kawaida ng'ombe huiondoa fosforasi ya ziada kwa njia ya mate, ambayo humezwa na kutoka na kinyesi. Mate hayo hutokana na kutafuna na kucheua, na anayekula pumba laini hatafuni sana wala hacheui sana, kwa hiyo fosforasi hubaki kwenye damu na kutafuta njia ya figo. Huko ikikutana na magnesiamu na amonia katika mkojo mzito usio na asidi ya kutosha, chembe hushikamana na kuwa jiwe. Maji mengi huuzimua mkojo huo na kuzisomba chembe zingali changa. Hiyo ndiyo nafasi ya kinyweshea katika jambo hili zima.

Muuzaji dukani alinieleza tofauti. Aliniambia kwamba mawe yanaletwa na maji magumu ya kisima, na kwamba bakuli lake likiwekwa kichujio litamaliza tatizo. Alikuwa mkarimu, alinipa nati na mipira ya ziada bila malipo, na sitaki kumvunjia heshima, lakini maelezo hayo ni ya kupotosha. Mawe ya aina hii, yanayowapata wanyama wanaolishwa pumba na nafaka, chanzo chake ni chakula na uchache wa maji, wala si chokaa iliyomo kwenye maji. Anayeondoka dukani akiamini kuwa kichujio ndicho dawa atarudi kwenye pumba zake zilezile.

Kuhusu kiasi cha maji, nilikuwa nimekosea kuliko nilivyodhani. Majedwali ya Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani, ambayo wataalamu wa lishe ya mifugo huyatumia mahali pengi, yanaonyesha kwamba ng'ombe anayekua mwenye uzito wa kilo 180 anahitaji takriban lita 15 kwa siku kwenye baridi ya nyuzi joto 4 za sentigredi, lita 22 kwenye nyuzi joto 21, na lita 36 kwenye nyuzi joto 32, kiasi hicho kikijumlisha maji yaliyomo ndani ya chakula chenyewe. Nyuzi joto 32 ndizo tunazoishi nazo hapa Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi. Mnyama anayekula majani mabichi hupata sehemu kubwa ya maji hayo kwenye majani, lakini anayekula pumba kavu hana pengine pa kuyatoa ila ndoo. Nilikuwa nikimpa kila mmoja lita 20 siku ambayo ndoo zilijaa na hazikumwagika, tena kwa mikupuo miwili iliyopishana kwa saa 12. Ndama wadogo nilikuwa nikiwapa pungufu ya hapo, nikidhani maziwa yanatosha, ilhali maziwa hupita kwenye mfereji maalumu wa umio na kuingia moja kwa moja kwenye tumbo la nne, na ni maji tu yanayoingia kwenye tumbo kubwa ambako vijidudu vya kusaga chakula vinahitaji unyevu ili viishi. Ndama apewe maji safi tangu wiki yake ya kwanza, hata kama ananyonya vizuri.

Sasa nije kwenye ufungaji, ambapo bidhaa hii ilinisumbua kuliko mahali pengine popote.

Tangi langu la lita 2,000 limekaa juu ya kibanda cha tofali, na chini yake ni mita 2 tu juu ya mabakuli. Kimo hicho hutoa msukumo wa takriban sehemu moja ya tano ya baa, yaani kipimo cha msukumo, kwa kuwa mita 10 za kimo ndizo zinazotoa baa moja. Vali zilizokuja na mabakuli ya plastiki zimetengenezwa kwa maji ya bomba yenye msukumo mkubwa. Tundu lake ni dogo sana, na kwa msukumo wa tangi langu lilitoa lita 2 tu kwa dakika. Huenda kiasi hicho kikaonekana kinatosha. Lakini tazama ndama watano waliomaliza kula pumba kwa wakati mmoja, na bakuli lina ujazo wa lita 3: wa kwanza anamaliza lililomo kwa muda mfupi, anasubiri kidogo, kisha mkubwa anamsukuma mdogo, na mdogo anaondoka na kiu. Kwa siku nne za mwanzo niliona jambo hilo likitokea kila jioni. Fundi bomba alizifungua vali, akatoa kile kipande cha plastiki chenye tundu, akaweka chenye tundu pana cha maji yenye msukumo mdogo, ambacho alikipata kwa Sh 3,000 katika duka la vifaa vya ujenzi Gongo la Mboto. Kasi ilipanda hadi karibu lita 6 kwa dakika, na kusukumana kukapungua sana. Kwa maoni yangu, bidhaa inayouzwa katika jiji ambalo wafugaji wengi wanatumia matangi ilipaswa kuja na vipande vyote viwili ndani ya boksi, au angalau muuzaji aulize tangi liko kimo gani kabla ya kupokea fedha.

Urefu wa kufunga nao una maana. Maelekezo yaliyochapwa kwenye boksi yalitaja sentimita 70 kutoka sakafuni, kimo ambacho kinawafaa wakubwa. Kwa ndama wa miezi mitatu niliyashusha hadi sentimita 50, na chini ya kila bakuli nikajenga kidaraja cha tofali moja ili mnyama asiweze kugeuka na kunyea ndani. Bila kidaraja hicho bakuli moja lilikuwa likichafuliwa kila siku.

Kabla ya kufungua koki kwa mara ya kwanza, daktari alinionya juu ya jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi, nami naliona ni la lazima kwa kila anayehama kutoka ndoo kwenda bakuli. Ndama aliyezoea kunyimwa maji, akiyapata ghafla bila kikomo, hunywa kupita kiasi. Maji huingia kwenye damu kwa wingi, chembe nyekundu hupasuka, na baada ya saa chache mkojo hutoka mwekundu, na ikizidi mnyama hutetemeka, huanguka na hata kufa. Mfugaji wa Pwani akiona mkojo mwekundu, jambo la kwanza linalomjia akilini ni ugonjwa wa kupe wenye jina hilohilo, naye hukimbilia sindano isiyohusika. Kwa hiyo siku tatu za kwanza tuliendelea kutoa maji kwa ndoo, lakini mara tano kwa siku na kidogo kidogo, mpaka walipoanza kuacha maji kwenye ndoo wenyewe. Ndipo tukafungua koki. Hakuna aliyepata tatizo.

Matokeo nimeyapima, kwa kuwa nilimwomba fundi afunge mita ndogo ya maji kwenye bomba linalolisha mabakuli. Wakati wa ndoo, wanyama wote tisa kwa pamoja walikuwa wakipata takriban lita 130 kwa siku. Katika wiki ya tatu ya mabakuli, mwezi Machi joto likiwa kali, mita ilionyesha wastani wa lita 235 kwa siku. Sehemu ya hizo ilimwagika, na sitaki kudai kwamba zote ziliingia matumboni, lakini sakafu chini ya mabakuli ilikuwa na unyevu tu bila dimbwi, hivyo kilichomwagika hakikuwa kikubwa. Mwezi Julai, kusi ilipokuwa ikivuma na usiku ukiwa wa baridi ya kwetu, wastani ulishuka hadi lita 210 ingawa wanyama walikuwa wameongezeka uzito. Kijana wa banda aliona jambo ambalo mita haiwezi kuonyesha: wanyama wanakunywa usiku. Saa nne za usiku na saa kumi alfajiri unasikia boya likishuka na maji yakiingia. Wakati wa ndoo walikuwa wakilala na kiu, na mkojo wa usiku kucha ulikuwa ukijikusanya kibofuni ukizidi kuwa mzito.

Tena, kulisha mara mbili kwa siku kwa wingi kuna athari yake. Mnyama anapokula mlo mkubwa kwa mkupuo, maji ya mwilini huvutwa kwenda tumbo kubwa, na mwili hujilinda kwa kupunguza mkojo kwa saa kadhaa, hivyo mkojo huwa mzito mara tu baada ya kula. Ikiwa maji nayo yameondolewa mbele yake saa hizo, hatari huongezeka maradufu. Tangu Aprili tunagawa pumba mara nne, na maji yapo mbele yao saa zote.

Kasoro kubwa ya mabakuli ya plastiki ni uchafu. Ng'ombe anayetoka kula pumba huja na pumba mdomoni, huziacha ndani ya bakuli, na kwa joto la Dar es Salaam huchacha kabla ya siku kuisha. Bakuli ni dogo, hivyo maji yake huharibika upesi kuliko ya birika kubwa. Ng'ombe ni mchaguzi wa maji kuliko tunavyomdhania. Harufu ikibadilika hunusa, hulamba kidogo na kuondoka, na mwenye banda akiona bakuli limejaa huridhika kwamba maji yapo. Kujaa kwa bakuli kunaweza basi kuwa ishara kwamba halinywewi. Tunayasugua kila asubuhi kwa brashi na maji matupu, na kila Jumamosi kwa siki. Kizibo cha chini cha kumwagia uchafu ni kigumu kukifungua na kimevunjika katika bakuli moja kati ya matatu, nikalazimika kukibadilisha kwa kizibo cha mpira.

Kasoro ya pili ni mchanga. Tunapotumia maji ya kisima, chembe za mchanga hukaa kwenye mdomo wa vali, boya halifungi vizuri, na bakuli humwaga usiku kucha. Au chembe huziba tundu kabisa na bakuli hubaki tupu. La pili ndilo la kuogopwa. Lilitokea mwezi Mei kwenye bakuli la maksai, na liligunduliwa saa sita mchana kwa sababu wanyama walikuwa wakililamba. Tangu hapo tumeweka kichujio cha wavu kwenye bomba linapotoka tangini, Sh 8,000 tu, na agizo la kwanza la kila asubuhi ni kubonyeza kila boya kwa mkono na kusikiliza maji yanavyoingia. Kwa kazi hii kichujio ni kizuri, na ni kazi hii tu.

Bakuli la chuma lenye ulimi linastahili maneno machache. Ni imara, halisumbuliwi na mchanga, na maji yake ni mapya kila mara kwa kuwa hayakai. Lakini ndama hawakujua kulitumia. Wawili walilisogelea, wakaona halina maji, wakaondoka. Ng'ombe huvutwa na uso wa maji ulio wazi. Tuliwafundisha kwa kuubana ulimi kwa kijiti ili maji yachuruzike, na ilichukua siku sita hadi wa mwisho alipoelewa. Kwa maksai wakubwa linafaa. Kwa ndama aliyetoka kuachishwa, ambaye siku hizo ndizo anazohitaji maji kuliko zote, nisingelichagua tena.

Jua nalo huharibu kazi nzuri. Bomba jeusi lililolazwa juu ya ardhi hupasha maji kiasi kwamba saa nane mchana hutoka ya moto, na nilishuhudia maksai wakigusa na kurudi nyuma. Tulifukia bomba sentimita 30 ardhini na kuliezekea tangi kwa makuti, gharama ikiwa ni kazi ya siku moja. Unywaji wa mchana uliongezeka papo hapo, kwa mujibu wa mita.

Wafugaji wa Kigamboni, Mbweni na kwingineko karibu na bahari wajiulize pia kuhusu chumvi ya maji yao ya kisima kabla ya kununua bakuli lolote. Maji yenye chumvichumvi chini ya miligramu 1,000 kwa lita hayana tatizo kwa ng'ombe. Hadi miligramu 3,000 kwa kawaida huyavumilia. Kati ya 3,000 na 5,000 anaweza kuharisha kwa muda na kukataa kunywa mwanzoni. Na yanapozidi 7,000 ni hatari kwa ndama na kwa wenye mimba. Kinyweshea kizuri kilichounganishwa na maji ambayo ndama anayakataa hakina faida yoyote. Kisima changu cha Chanika kilipimwa na kukutwa chini ya miligramu 1,000.

Katika miezi hii 9 sijapata mnyama mwingine aliyezibwa na mawe. Sitaisifu bidhaa kwa hilo peke yake, kwa sababu sambamba na mabakuli nilibadilisha mambo mengine. Daktari alinipigia hesabu ya chokaa ya mifugo, ambayo ina kalsiamu ya takriban asilimia 38, tukaichanganya kwenye pumba kwa kipimo chake, na akanikataza kuongeza DCP, unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi, niliyokuwa nikiinunua kwa nia njema, kwa kuwa DCP huleta fosforasi nyingine juu ya ile iliyokwisha kuzidi. Tuliongeza majani, hasa lukina tuliyopanda kwenye mpaka wa kiwanja, ambayo ina kalsiamu nyingi na huwafanya wacheue. Tukaongeza chumvi ya kawaida kwenye chakula ili wasikie kiu na kunywa zaidi, jambo ambalo halipaswi kufanywa kabisa mahali ambapo maji ni ya kugawiwa kwa ndoo, kwa kuwa chumvi bila maji ni sumu. Ni mabakuli yaliyoniruhusu kuongeza chumvi hiyo bila hofu, na hapo ndipo ninapoiona thamani yake halisi.

Bakuli haliwezi kukuambia ni mnyama yupi hanywi. Kwa ndoo unamwona kila mmoja. Kwa bakuli na mita unaona jumla tu, na maksai mmoja aliyeanza kuumwa hupotea ndani ya jumla ya wenzake. Kwa sababu hiyo kijana wa banda huwatazama madume wote wakikojoa, asubuhi na jioni, mpaka aone mkondo mzima wa kila mmoja. Hutazama pia nywele za kwenye ncha ya ala ya uume: zikiwa na chembe nyeupe kama mchanga uliogandamana, mawe yameanza kutengenezwa, na huo ndio wakati wa kumwita daktari, wala si baada ya mkia kuinuka. Mnyama aliyekwisha kuzibwa anaweza kupasuliwa njia ya mkojo chini ya mkundu, lakini upasuaji huo kwa kawaida ni wa kumfikisha machinjioni akiwa mzima, si wa kumrudishia maisha marefu.

Kwa hesabu yangu, mabakuli manne, mabomba, kichujio, mita na ufundi vilinigharimu Sh 412,000, pungufu kabisa ya bei ambayo yule maksai angeniletea akifikishwa mnadani Pugu. Mabakuli matatu ya plastiki nayapendekeza kwa ndama na kwa maksai chini ya kilo 200, kwa masharti kwamba vali ibadilishwe ikiwa tangi liko chini, kichujio kifungwe siku ya kwanza, na awepo mtu wa kuyasugua kila siku. Asiyekuwa na mtu huyo ni heri abaki na ndoo, ila azijaze mara nne au tano badala ya mbili. La chuma nalipendekeza kwa wakubwa pekee. Kwa ng'ombe wangu wawili wa maziwa sitanunua aina yoyote kati ya hizi, kwa kuwa ng'ombe anayekamuliwa hunywa kwa mikupuo mikubwa na anaweza kumaliza lita 80 au zaidi kwa siku, na bakuli la lita 3 litamchelewesha hata vali ikiwa pana. Kwa ajili yao fundi anamimina birika la zege la lita 150 chini ya mwembe, lenye boya la tangi la kawaida, na koki ya kumwagia uchafu itakuwa ya chuma ya inchi moja.